Uchaguzi wa anwani ya baruapepe usiwe wa pata potea

Ni jambo lisilopingika kwamba anwani ya baruapepe imekwisha kuchukua mahali pa sanduku la posta katika maisha ya mwalimu na mwanafunzi wa Kenya. Zamani shule nzima ilitegemea S.L.P. moja, na barua ziligawanywa gwarideni mbele ya macho ya wote. Leo kijana aliyehitimu kidato cha nne hawezi kuomba mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, HELB, wala kujisajili kwa Mamlaka ya Ushuru, KRA, pasipo kuulizwa anwani yake ya baruapepe. Mwalimu naye huulizwa vivyo hivyo anapoomba kazi, anapotafuta nafasi ya masomo ya juu, hata anapotaka kuhudhuria semina ya siku mbili.

Licha ya uzito huo, aghalabu anwani yenyewe huchaguliwa kwa pupa. Kijana hufunguliwa anwani na mhudumu wa saiba siku ya mwisho ya kutuma maombi, mhudumu huyo akabuni nywila yeye mwenyewe, akaiandika kwenye kipande cha karatasi, na karatasi ikapotea kabla ya jua kutua. Wengine huchukua huduma ambayo rafiki anaitumia, au ile iliyokuja pamoja na simu. Ni wachache mno wanaojiuliza: katika huduma hizi za bure zilizoko mtandaoni, ni ipi itakayonifikishia barua zangu halali na kunikinga na walaghai? Nashikilia kwamba hicho ndicho kinachopasa kuwa kipimo cha kwanza. Ukubwa wa nafasi, rangi za kurasa na umaarufu wa jina ni mambo ya baadaye.

Wasomaji vijana huenda wasijue kwamba baruapepe haikuwa ya bure tangu jadi. Mnamo 1971 mhandisi Mmarekani, Ray Tomlinson, alituma ujumbe kati ya kompyuta mbili zilizokuwa chumba kimoja lakini zilizounganishwa kwa mtandao wa ARPANET, akaichagua alama ya @ itenge jina la mtu na jina la mashine. Kwa zaidi ya miaka 20 chombo hicho kilibaki mali ya wanasayansi, wanajeshi na vyuo vikuu. Hata katikati ya miaka ya 1990, intaneti ilipoanza kuuzwa Nairobi na kampuni kama Africa Online, anwani ilikuwa sehemu ya bidhaa uliyoilipia. Ukihama kampuni, anwani ilibaki nyuma.

Mambo yaligeuka tarehe 4 Julai 1996, Sabeer Bhatia na Jack Smith walipozindua Hotmail huko California. Mtu aliweza kuisoma barua yake bure katika kompyuta yoyote duniani, almuradi iwe na intaneti. Microsoft iliinunua huduma hiyo mwishoni mwa 1997, mwaka ule ule ambao Yahoo nayo ilizindua sanduku lake baada ya kununua kampuni iliyomiliki RocketMail. Hizo ndizo huduma mbili zilizowalea watumiaji wa saiba za Nairobi, Mombasa na Kisumu, waliolipia intaneti kwa dakika na kuandika barua zao huku jicho moja likitazama saa. Walimu wengi wa rika langu wangali na anwani zao za enzi hizo, na huzienzi kama mtu anavyolienzi koti la arusi.

Kisha ikaja Gmail, tarehe 1 Aprili 2004. Kwa kuwa ilitangazwa Siku ya Wajinga, wengi walidhani ni mzaha, maana Google iliahidi gigabaiti 1 ya nafasi wakati Hotmail ilikuwa ikitoa megabaiti 2 na Yahoo megabaiti 4. Hadi 2007 ndipo kila mtu alipoweza kujiunga bila kualikwa. Tangu wakati huo mashindano ya nafasi yaliwapumbaza wateja wakasahau swali la uchujaji. Yahoo ilifika hadi kujivunia terabaiti 1, kisha mnamo 2025 ikaishusha hadi gigabaiti 20. Mwalimu wa kawaida hatazijaza hata hizo 20 kwa barua tupu.

Sasa tuitazame taka yenyewe. Tarehe 3 Mei 1978, Gary Thuerk, aliyekuwa mwuzaji wa kampuni ya kompyuta ya Digital Equipment, aliwatumia watu wapatao 400 tangazo la bidhaa zake kwa mpigo mmoja. Alikemewa vikali, lakini kompyuta ziliuzwa! Hapo ndipo ilipo siri ya uovu huu. Kutuma barua moja na kutuma barua milioni moja hakutofautiani sana kwa gharama, na akipatikana mjinga mmoja katika laki moja, mtumaji amekwisha kula faida. Mnamo 1994 mawakili wawili wa Arizona, Laurence Canter na Martha Siegel, waliyafurika majukwaa ya Usenet kwa tangazo la bahati nasibu ya vibali vya kuishi Marekani. Baadaye zikaja barua za wana wa majenerali waliokufa na mamilioni ya dola yanayotafuta mrithi, zilizopewa jina la 419 kutokana na kifungu cha sheria ya jinai ya Nigeria kinachohusu utapeli. Januari 2004, huko Davos nchini Uswisi, Bill Gates alitabiri kwamba tatizo hili lingetatuliwa kwa muda wa miaka miwili. Zaidi ya miongo miwili imepita, nasi tungali tunafuta.

Hata hivyo ingekuwa dhuluma kusema kwamba hakuna kilichofanyika. Google husema kwamba huzuia barua karibu bilioni 15 zisizotakiwa kila siku, na kwamba kichujio chake hukamata zaidi ya asilimia 99.9. Hiyo ni kauli ya mwenye duka kuhusu bidhaa yake, lakini tuikubali kwa sasa. Mwalimu wa hisabati na awape wanafunzi wake zoezi: ikiwa moja katika kila elfu hupenya, ni barua ngapi zinazopenya kila siku? Jibu ni takriban milioni 15.

Kichujio hufanyaje kazi? Naona ni muhimu kulieleza jambo hili, kwa sababu anayelielewa huchagua vizuri zaidi. Vichujio vya kwanza vilikuwa orodha za maneno haramu. Barua yenye neno fulani ilitupwa, basi walaghai wakaanza kuliandika neno hilo kwa kubadili herufi moja kwa tarakimu, na kichujio kikawa kipofu. Agosti 2002 mtaalamu wa programu, Paul Graham, aliandika makala iliyoeneza njia tofauti, yenye msingi katika kanuni ya uwezekano ya Thomas Bayes, kasisi Mwingereza wa karne ya 18. Kwa mujibu wa njia hiyo, mashine hupewa rundo la barua taka na rundo la barua halali, ikahesabu kila neno limetokea mara ngapi katika kila rundo. Barua mpya ikifika, maneno yake hupimwa kwa pamoja na uwezekano wake wa kuwa taka hukadiriwa. Hivyo neno "hongera" peke yake haliwi kosa. Lakini "hongera", "mshindi", "haraka" na "nambari ya akaunti" yakikutana katika aya moja, mizani huinama.

Vichujio vya leo vimesonga mbele kuliko hapo, ingawa fikra ya kujifunza kutokana na mifano ndiyo ile ile. Nguzo ya pili ni utambulisho wa mtumaji. Muundo wa awali wa baruapepe ulimruhusu mtu yeyote kuandika jina lolote katika nafasi ya mtumaji, kama vile mtu anavyoweza kuandika jina la chifu nyuma ya bahasha. Ili kuziba ufa huo pamebuniwa taratibu tatu zijulikanazo kwa herufi SPF, DKIM na DMARC. Ya kwanza hutaja seva zilizoruhusiwa kutuma barua kwa jina la kikoa fulani. Ya pili hutia barua muhuri usioweza kughushiwa kwa urahisi. Ya tatu humwambia mpokeaji afanye nini barua isipotimiza masharti hayo. Tangu Februari 2024 Google na Yahoo zimewalazimisha wanaotuma barua kwa wingi kuzifuata zote tatu, na Microsoft ikafuata kwa anwani za Outlook mnamo Mei 2025. Anayetuma zaidi ya barua 5,000 kwa siku sharti pia ampe mpokeaji njia ya kujiondoa kwa kubofya mara moja.

Nguzo ya tatu ni wewe msomaji. Kila ubofyapo kitufe cha kuripoti barua taka unapiga kura, na kura za mamilioni huamua hatima ya mtumaji. Google huwataka watumaji wahakikishe malalamiko hayafiki asilimia 0.3, yaani watu 3 katika 1,000. Ndiyo sababu nasikitika kuwaona wanafunzi wa vyuo wakiziripoti taarifa za idara zao kama taka kwa kuchoka kuzisoma tu, kisha wakalalamika kwamba ratiba ya mitihani haikuwafikia.

Kutokana na hayo, mtu anayepima kichujio apime makosa mawili, na wala si moja. Kosa la kwanza ni kuiachilia taka iingie kikashani. Kosa la pili ni kuizika barua halali pamoja na taka. Wengi hulilalamikia la kwanza kwa sababu huliona kila asubuhi. La pili halionekani, na ndilo linaloumiza. Namfahamu mwalimu mmoja wa sekondari aliyeomba ufadhili wa masomo ya uzamili ng'ambo. Alingoja wiki baada ya wiki, akiamini amekataliwa. Siku alipofungua folda ya barua taka akitafuta jambo lingine kabisa, aliikuta barua ya kumkubali, ikimtaka athibitishe kabla ya tarehe ambayo ilikuwa imepita kwa siku 11. Nafasi ilikuwa imekwenda kwa mwingine. Kichujio kilikuwa kimeona barua ya kigeni, kutoka kwa mtumaji asiyejulikana, yenye kiambatisho na maneno ya pongezi, kikahukumu kwa haki ya mashine.

Je, ni huduma ipi basi? Kwa mwalimu na mwanafunzi wa hapa nyumbani, mimi napendekeza Gmail iwe ya kwanza kufikiriwa, na sababu zangu si za ushabiki. Kichujio chake hujifunza kutokana na umati mkubwa mno wa watumiaji, na simu nyingi zilizoko mikononi mwa Wakenya ni za Android, ambazo huiendesha bila taabu hata mtandao unapokuwa dhaifu. Barua inayoshukiwa hukaa katika folda ya taka siku 30 kabla ya kufutwa, muda unaotosha kwa mtu mwangalifu. Kasoro yake ni kwamba gigabaiti 15 zinazotolewa hugawanywa kati ya barua, picha na hati nyinginezo. Mwenye kupenda kupiga picha za harusi hujikuta barua zimegoma kuingia. Kwa mtu anayengoja barua ya chuo, hilo ni balaa sawa na kuzikwa na kichujio.

Outlook, mrithi wa Hotmail tangu 2012, humfaa zaidi yule ambaye shule au chuo chake kinatumia programu za Microsoft. Nayo hutoa gigabaiti 15 kwa ajili ya barua peke yake. Kwa uzoefu wangu, kichujio chake ni kikali zaidi kwa wageni, hivyo anayekitumia asichoke kuikagua folda ya taka. Yahoo ingali hai na kichujio chake si kibaya. Lakini siwezi kusahau kwamba mnamo 2016 ilikiri kudukuliwa mara mbili, mwaka 2013 na 2014, na Oktoba 2017 ikathibitishwa kwamba udukuzi wa 2013 ulizigusa akaunti zote bilioni 3. Anayeendelea kuitumia na abadilishe nywila iwapo hajafanya hivyo tangu enzi za saiba. Proton, iliyoanzishwa na wanasayansi waliokutana katika kituo cha CERN na kuzinduliwa mwaka 2014, ina makao Uswisi na hulinda siri kwa kufunga barua kwa ufunguo ambao kampuni yenyewe haina. Naiheshimu sana. Lakini nafasi yake ya bure haizidi gigabaiti 1, na mwalimu anayepokea insha za darasa zima zilizopigwa picha atailaani kabla ya muhula kuisha.

Kuna jambo jingine linalonikera kuhusu vichujio hivi vyote. Mashine inayojifunza kutokana na mifano huwa hodari pale mifano ilipo mingi, na mifano ya Kiingereza ni bahari ilhali ya Kiswahili ni kisima. Barua ya ulaghai iliyoandikwa kwa Kiswahili safi, au kwa Sheng iliyochanganywa na Kiingereza, haina budi kuipa mashine kazi ngumu zaidi kuliko ile ya mwana wa jenerali. Uchunguzi wa muhuri wa mtumaji haujali lugha, na hiyo ni nafuu. Lakini uchunguzi wa maudhui hujali. Wanafunzi wetu wa sayansi ya kompyuta wanaotafuta mada za tasnifu wana shamba hapa ambalo halijalimwa vya kutosha.

Neno "bure" nalo lisitulaze usingizi. Nyingi kati ya kampuni hizi hulipwa na watangazaji. Google ilikuwa ikizisoma barua kwa mashine ili kulenga matangazo, na mwaka 2017 ndipo ilipotangaza kuacha. Kusoma ili kuchuja taka na virusi kunaendelea, na bila kusoma hakuna kichujio. Aidha anwani ya bure huwa na masharti ya matumizi. Tangu Desemba 2023 Google imekuwa ikifuta akaunti za watu binafsi ambazo hazikuguswa kwa miaka miwili, nayo Yahoo huihesabu akaunti kuwa imetelekezwa baada ya miezi 12. Kijana aliyefungua anwani kwa ajili ya HELB akaisahau hadi siku ya kuanza kulipa deni, asishangae kukuta mlango umefungwa.

Kwa sababu hizo namsihi kila mwanafunzi awe na anwani mbili. Moja iwe na jina lake halisi, isiwe lile jina la utani alilojipa akiwa na miaka 14, na aitumie kwa chuo, mwajiri, serikali na benki tu. Ya pili aitapanye: kwenye mashindano, programu za simu, maduka na tovuti zinazodai anwani kabla ya kukuonyesha ukurasa mmoja. Taka zitaandamana na ile ya pili. Nywila aibuni mwenyewe, aongeze uthibitisho wa hatua ya pili kwa simu, na akifunguliwa anwani na mtu mwingine aibadilishe nywila kabla ya kuondoka kitini. Folda ya taka aitembelee kila Jumamosi, na kila siku katika miezi anayongoja jibu. Akishuku barua, asibofye kiungo chochote wala kufungua picha zilizomo, kwani hata picha isiyoonekana kwa macho huweza kumpasha mtumaji habari kwamba anwani hii ina mtu.

Nimewaachia mwisho wakuu wa shule, na kwao sina maneno matamu. Zingaliko shule kubwa zenye majina ambazo anwani iliyochapishwa katika barua rasmi ni ya bure, iliyofunguliwa na naibu wa mkuu aliyekwisha kuhamishwa. Mlaghai akifungua nyingine inayofanana nayo, herufi moja tu ikiwa imegeuzwa, kisha akawaandikia wazazi kwamba nambari ya kulipia karo imebadilika, mzazi wa kijijini atatambuaje? Muhuri niliouelezea hapo juu hautamsaidia, kwa kuwa barua ya mlaghai nayo itakuwa na muhuri halali wa ile ile kampuni ya bure. Sheria ya 2018 ya uhalifu wa kompyuta imeziharamisha barua za chambo za namna hiyo, na ile ya 2019 ya ulinzi wa data inampa mzazi haki juu ya habari zake. Lakini sheria huja baada ya karo kuliwa.

Tiba ipo na haina gharama ya kutisha. Vikoa vya Kenya vinavyoishia kwa .sc.ke viliwekwa kwa ajili ya shule, kama vile .ac.ke vilivyo vya vyuo, na ada yake ni ndogo ikilinganishwa na bei ya madaftari ya muhula mmoja. Google na Microsoft zote mbili hutoa huduma za msingi bila malipo kwa taasisi za elimu zinazostahiki, na huduma hizo huja na kichujio kwa jina la kikoa cha shule yenyewe. Anwani huwa za ofisi: ya mkuu, ya mhasibu, ya mwalimu wa masomo. Mwalimu akihamishwa kwenda kaunti nyingine, nywila hubadilishwa na anwani ikakabidhiwa anayemrithi siku ile ile anayokabidhiwa funguo za stoo na daftari la mali ya shule.